Cheni ya Tatu

Kuku wa kituo alikuwa ameanza kutaga chini ya pikipiki ya marehemu. Sajenti Hiza alimfukuza, akaweka yai pembeni, akapiga goti.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, nyuma ya kituo cha polisi Korogwe. Pikipiki ilikuwa Honda ya mwaka sabini na tatu, tangi jekundu, aina ile ambayo serikali iliwagawia mabwana shamba zamani, kisha ikaziuza kwa mnada zilipochoka. Meitamei, mchanja ng'ombe wa Mazingara, aliinunua mnadani akaiendesha miaka kumi na moja. Ijumaa iliyopita ilimtupa kwenye mteremko wa kushukia Sindeni. Wachoma mkaa walimkuta ameshakufa.

Mkaguzi wa magari alikuja kutoka Tanga, akakaa robo saa, akaandika: cheni ilitoka kwenye meno, ikajikunja, gurudumu la nyuma likakwama. Hiza hakuwa na ubishi na hilo. Kava la bati linaloifunika cheni yote lilikuwa limepasuliwa kutoka ndani.

Ubishi wake ulikuwa juu ya cheni yenyewe. Sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno ya mbele na ya nyuma, zilikuwa mpya. Meno yake yalikuwa na pembe kali na bado yalikuwa na grisi ya dukani. Cheni haikuwa mpya. Aliishika ncha mbili akailaza ubavu, ikapinda kama mshipi wa suruali. Cheni mpya haipindi hivyo.

"Unatafuta nini tena hapo?" Inspekta Simeo, mkuu wake wa upelelezi, alimuuliza kutoka dirishani. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Hii cheni ni kuukuu, afande."

"Ndiyo maana fundi yuko ndani. Stakabadhi tuliyoikuta mfukoni mwa marehemu inasema cheni mpya na sproketi mbili mpya. Sadala kaandika mpya, kafunga mkweche. Mtu kafa. Una swali?"

"Ninalo. Cheni ni kitu cha kwanza mteja anachokitazama. Kwa nini adanganye hapo?"

"Kwa sababu ina kava, Hiza. Nani anaiona?" Simeo alikunywa chai. "Keshokutwa Ijumaa anasomewa shitaka. Ndugu wa marehemu wameshakuja hapa na fimbo mara mbili. Ukiwa na jambo, lilete kabla ya hapo. Ukiwa huna, mwachie kuku atage."

Hiza aliifungua cheni, akaitia kwenye gunia dogo, akaenda mahabusu.

Sadala alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kucha zimejaa oili ambayo siku nne za mahabusu hazikuitoa. Gereji yake ya Manundu ilikuwa imepigwa mawe Jumapili. Mkewe alikuwa amehamia kwa kaka yake.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Hii unaijua?"

Sadala aliipokea cheni, akaipitisha vidoleni pingili kwa pingili, kama mtu anayechambua mchele.

"Siyo yangu."

"Ulitegemea useme nini kingine?"

"Subiri, afande. Siyo ile mpya niliyomfungia. Na wala siyo ile kuukuu niliyomtolea. Ya Meitamei ilijaa vumbi jekundu la kwao huko, nililichokonoa na msumari. Hii angalia." Alikwangua kati ya roli, vile vigurudumu vya pingili, kwa ukucha, akamwonyesha uchafu mweupe unaoelekea kijani. "Hii imetembea pengine."

"Kwa hiyo kuna cheni tatu."

"Tatu."

"Mbili ziko wapi?"

"Hiyo mpya sijui. Kuukuu nilimrudishia mwenyewe. Kila ninachokitoa namrudishia mteja, ndani ya boksi la kipya, mkononi mwake. Fundi asiyerudisha kibovu ni mwizi, hata kama hajaiba. Cheni yake na sproketi zake mbili nilizifunga gazeti, nikazitia kwenye boksi, akazipakia kwenye mkoba wa chanjo. Alisema ataifungia zizi la ndama."

Hiza aliandika. Hakuna mkoba wowote uliotajwa kwenye orodha ya vitu vya marehemu.

"Watu wanasema vipuri vipya vya siku hizi ndivyo vinavyoua," alisema.

"Vipuri havina kosa. Kosa ni la kuchanganya." Sadala alisogea mbele. "Cheni ikichakaa inarefuka, afande. Si sana, kila pini inalika kidogo. Na meno nayo yanalika kwa kuifuata. Vinazeeka pamoja, vinaelewana. Chukua cheni iliyorefuka iweke kwenye meno mapya: itakaa meno manne, matano, halafu itaanza kupanda juu. Siku ukipiga shimo kwa mwendo, inatoka."

"Mbona mimi nimeendesha pikipiki miaka ishirini sikulijua hilo?"

"Ungelijulia wapi? Miaka ile ya vipuri kwa kibali cha serikali kila kitu kilikuwa kikuukuu. Kikuukuu juu ya kikuukuu, inakwenda. Sasa maduka yamefunguliwa, mtu ananunua kipya kimoja anakibandika kwenye uzee. Mimi siuzi nusu. Cheni na sproketi zake mbili, au uende kwa mwingine. Mtaani wananiita Sadala Mroho."

"Nimelisikia jina hilo."

"Mradi hujaliandika hapo."

Hiza alifunga daftari. Kabla ya kutoka kituoni alipitia uani, akaizungusha cheni kwenye sproketi mpya ya pikipiki ya marehemu. Ilikaa vizuri meno manne. Jino la tano ilianza kunyanyuka. Jino la nane ilikuwa juu kabisa, na angeweza kupitisha njiti ya kiberiti chini yake.

Alipata lifti ya lori la mahindi mpaka Handeni, na kutoka Handeni Land Rover ya misheni ikamfikisha Mazingara saa tisa mchana. Nyumba ya marehemu ilikuwa ya bati, nje kidogo ya kijiji, na zizi lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Metito, mdogo wa marehemu, alikutana naye mlangoni na fimbo mkononi.

"Mmemnyonga?"

"Polisi hawanyongi mtu. Nimekuja kumsalimia shemeji yako."

"Shemeji yangu hana haja ya salamu. Ana watoto wanne. Fundi amekula haki ya ndugu yangu, na ninyi mnampikia ugali."

"Metito, mpishe mgeni," sauti ya mwanamke ilisema ndani.

Yuditha, mjane, alikuwa mama mrefu aliyejifunga kanga nyeusi. Alimpa Hiza kigoda, na shikamoo.

"Marahaba, mama. Poleni sana. Siku ile mumeo alikuwa na mkoba?"

"Upo. Askari aliyeleta mwili aliuleta. Wamesema usifunguliwe mpaka wazee wakae Jumamosi wagawe vitu."

Hiza alimlaani moyoni askari huyo, ambaye alimjua kwa jina.

"Mimi siwezi kungoja Jumamosi. Ijumaa kuna mtu anasomewa shitaka la kifo."

"Huyo ndiye tunayemtaka asomewe," Metito alisema.

"Ikiwa ndiye. Ikiwa siye, aliyemuua kaka yako yuko nje anakunywa chai, na wewe unamlinda kwa fimbo yako."

Metito alimtazama shemeji yake. Yuditha alinyanyuka, akarudi na mkoba wa ngozi, akauweka katikati.

"Fungua wewe, Metito. Wazee wakiuliza, ni damu yake iliyofungua."

Metito aliweka fimbo chini. Alitoa sindano za chanjo, taulo, kitabu cha nyimbo, na chini kabisa boksi jipya lililofungwa gazeti. Lilikuwa zito. Ndani kulikuwa na cheni iliyochoka na sproketi mbili ambazo meno yake yamechongoka kama miiba. Vumbi jekundu lilimwagika mapajani mwake.

"Hii ni ya kaka," alisema. "Hii ndiyo tuliyokuwa tukiisafisha na mafuta ya taa."

"Una hakika?"

"Pingili hii niliigonga mimi kwa nyundo. Alama hii hapa."

Hiza aliiweka cheni juu ya sproketi yake kuukuu. Ilizama kwenye kila jino mpaka chini, bila nafasi. Aliirudia mara mbili.

"Basi fundi aliitoa kweli," Metito alisema taratibu. "Sasa ile iliyomuua imetoka wapi?"

"Ndilo swali langu. Mama, Alhamisi alilala wapi? Alitoka kwa fundi saa kumi jioni, na alianguka saa mbili asubuhi ya pili."

"Mvua ilimkuta. Alilala Ngombezi kwa rafiki yake Dominiko, nyapara wa mkonge. Ni watu wa siku nyingi, pikipiki zao ni za mnada mmoja. Akienda Korogwe hulala kwake siku zote."

Hiza aliomba gazeti, akatoa cheni ya tatu kwenye gunia, akakwangulia humo uchafu wake mweupe, akampa Yuditha aunuse. Alinusa, akakunja uso.

"Kitu kama mkonge uliooza," alisema.

Alhamisi saa sita mchana Hiza alikuwa Ngombezi. Harufu hiyohiyo ilimpokea tangu kwenye reli: makapi ya mkonge yaliyokuwa yakichacha nyuma ya kiwanda. Hakwenda moja kwa moja kwa Dominiko. Alimpitia kwanza balozi wa nyumba kumi, ajuza aliyeitwa Bi Mwatumu, ambaye alifunga nyuzi kiwandani miaka thelathini na alibaki na kikohozi na ulimi.

"Shikamoo, bibi. Nahitaji shahidi."

"Marahaba. Wa ndoa au wa wizi?"

"Wa cheni."

"Basi ni wizi," Bi Mwatumu alisema, akavaa ndala.

Dominiko aliishi nyumba ya mwisho ya kambi, ile ya manyapara, yenye veranda. Alikuwa ametoka kwenye vipande, maeneo wanayopimiwa wakataji, kula chakula cha mchana. Mtu mnene, masharubu, shati jeupe lenye madoa ya kijani ya mkonge. Honda yake, tangi jekundu vilevile, iliegemea ukuta. Wakata mkonge wawili waliokuwa wakipita walisimama.

"Nyapara, leo umehesabiwa wewe!" mmoja alipiga kelele.

"Na mzigo haujatimia!" mwenzake akaongeza.

"Nendeni huko," Dominiko aliwafukuza. "Karibu, afande. Ni habari za Meitamei? Nimelia mimi, mpaka leo. Nimekwenda kumzika Mazingara. Nimebeba jeneza."

"Nisaidie jambo dogo. Fungua kava la cheni yako."

"La nini?"

"Fungua tu. Spana unayo."

Spana alikuwa nayo, na vingine vingi. Ukuta wa veranda ulijaa misumari, na kila msumari ulibeba kitu kilichokufa: plagi, beringi, waya za breki, pistoni iliyotoboka. Dominiko alifungua nati nne bila haraka, akaondoa bati. Cheni ndani iling'aa.

"Mpya," Hiza alisema.

"Niliinunua Tanga, wiki mbili zilizopita."

"Boksi liko wapi?"

"Watoto wamelichezea."

"Na cheni ya zamani?"

"Nimeitupa."

Bi Mwatumu alikohoa, halafu akacheka. "Dominiko? Wewe utupe chuma?"

Hiza alionyesha ukutani. "Umetundika plagi kumi na mbili ambazo haziwezi kuwasha hata kiberiti. Pistoni imetoboka, umeitundika. Halafu cheni nzima, ya kufungia lango, ya kumuuzia mtu, umeitupa. Wapi?"

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Afande, cheni ni cheni. Zinafanana zote."

"Mimi pia nilidhani hivyo mpaka jana." Hiza alitoa cheni ya tatu kwenye gunia. "Ondoa hiyo mpya kwenye gurudumu."

Dominiko aliitoa kwa koleo. Dakika tano hazikufika, na Hiza alizihesabu kwenye saa yake, akaandika. Meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamechongoka na kulalia upande mmoja. Aliivika cheni ya tatu juu yake, polepole, jino kwa jino.

"Bibi, sogea utazame. Inakaa?"

Bi Mwatumu aliinama, mikono magotini. "Inakaa. Inakaa. Hapa nayo inakaa. Imezama kama mguu kwenye ndala yake."

"Ipo nafasi chini?"

"Hata unyuzi haupiti."

"Jana niliivika kwenye meno ya pikipiki ya marehemu, ikagoma jino la tano. Jana hiyohiyo niliona cheni kuukuu ya marehemu ikikaa kwenye meno yake kuukuu, mbele ya mkewe na mdogo wake. Dominiko, cheni hii ilizeeka kwenye meno haya. Haikuzeekea kwingine." Aliinuka, goti likamlia. "Nimetoka kwa fundi, nimetoka kwa mjane, sasa niko kwako. Kuna mtu kesho anasomewa shitaka la kifo kwa kazi aliyoifanya vizuri. Nikuulize mara ya pili au unajibu ya kwanza?"

Dominiko alikaa kwenye ngazi ya veranda. Wale wakata mkonge walikuwa wamerudi na wengine wanne, lakini hakuna aliyetania.

"Tuliazimana kila kitu," alisema. "Miaka kumi na moja. Plagi moja tulipokezana miezi sita, yeye wiki, mimi wiki. Breki zangu za nyuma ni zake. Kabureta yake ina kidude changu. Hatukuwa tunaombana hata. Unakuta chombo cha mwenzako, unachukua, utarudisha."

"Ijumaa asubuhi hukumwambia."

"Alikuwa amelala. Niliamka saa kumi na moja, nikazibadilisha, nikasema nitamwambia kwenye chai. Kwenye chai alikuwa anaisifia. Anasema, Dominiko, inakwenda kimya kama baiskeli." Alijifuta masharubu. "Mwenye shamba mpya amesema nyapara asiyevifikia vipande vyote kabla ya saa mbili arudi kukata. Cheni yangu ilikuwa inaruka kila siku. Nilikwenda kwa Sadala mara tatu nimsihi aniuzie cheni peke yake. Kakataa. Zote tatu sikuwa na uwezo nazo. Yangu niliona ina miezi miwili mbele yake, na Meitamei Korogwe anakuja kila mwezi. Zamani tulikuwa tunabadilishana vibaya zaidi ya hivyo na tunafika. Sikujua, afande. Wallahi sikujua kwamba meno mapya yanaikataa."

"Ulipopata habari ameanguka, ulijua?"

Dominiko aliigeuza spana mkononi.

"Fundi alipokamatwa Jumapili, ulijua?"

"Nilikuwa mazikoni Jumapili."

"Ulikwenda na nini?"

"Na pikipiki."

"Kwa cheni yake."

"Mazingara ni mbali," Dominiko alisema. "Na yangu hata hivyo ilikuwa kwake."

Bi Mwatumu aliacha kuinama, akajifunga kanga upya, akatazama upande wa reli. Hiza aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, bila kupunguza wala kuongeza, akamsomea, akampa kalamu. Dominiko alitia sahihi. Bi Mwatumu aliweka dole gumba.

Walikwenda Korogwe kwa miguu, kwa kuwa pikipiki ilikuwa kielelezo na isingeweza kuendeshwa. Wakata mkonge wawili waliikokota nyuma yao kwa amri ya balozi. Kituoni Inspekta Simeo alisoma maelezo akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa amekaa.

"Shitaka la kesho nitaliandika upya," alisema. "Mtoe yule. Mwingize huyu."

Sadala aliletwa kaunta, akarudishiwa mkanda na viatu vyake. Alikuwa akifunga kamba alipomwona Dominiko kwenye benchi. Cheni mpya ilikuwa juu ya kaunta, juu ya gazeti, ikingoja kuandikwa. Sadala aliichukua kabla ya mtu kumkataza, akaipitisha vidoleni. Roli mbili zilikuwa zimeshapasuka.

"Siku sita tu," alisema. "Meno yako yameitafuna."

"Ungeniuzia, fundi," Dominiko alisema. "Mara tatu nilikuja. Ungeniuzia ile moja tu, Meitamei angekuwa hai."

Sadala alirudisha cheni palepale kwenye gazeti, akamaliza kufunga kiatu.

"Ningekuuzia," alisema, "wangekuzika wewe."